Hiyo karatasi ni siri, ao ni yako? Makaratasi ya Leta na ya polisi hapa Lubumbashi

Ukiingia mu biro yoyote ya Leta hapa Lubumbashi, ikuwe komini, polisi, parke (biro ya majistra wenye kushtaki) ao divisheni fulani ya mkoa, na ukaomba kuona karatasi, jibu la kwanza mara nyingi ni lile lile: hiyo ni ya ndani, hiyo ni siri ya Leta, lete kwanza ruhusa ya mukubwa. Na wengi wetu tunageuka tunarudi nyumbani juu tunafikiri ni kweli. Mimi naona shida haiko tu kwamba wanakatala. Shida ni kwamba hilo neno siri linafunika vitu vya aina tatu ambavyo kwa sheria haviko sawa hata kidogo: kuna karatasi yenye ni ya kila mtu, kuna karatasi yenye ni yako weye na watu wa kesi yako, na kuna karatasi yenye imefungwa kweli, kwa muda ao kabisa. Ukizichanganya hizo tatu utapoteza siku nzima ku mlango wenye hauko wako, na mwenye biro atakushinda bila hata kupandisha sauti.

Tuanze na katiba, juu mengine yote yanatoka mule. Katiba ya tarehe 18/2/2006, artikili 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haisemi kila mwanahabari, haisemi kila avoka, inasema kila mtu. Na mbele ya katiba hiyo nchi yetu ilikuwa imeshajifunga tayari, mwaka 1976 ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za raia na za siasa, yenye artikili yake ya 19 inaongea juu ya kutafuta na kupokea habari, kisha mwaka 1987 ikakubali Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, wenye artikili ya 9 inasema vile vile. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni mambo ya ONG ao ya watu wa inje, mwambie yako mu katiba yenye raia wenyewe walipigia kura ya ndiyo ku referendum ya mwezi wa 12, 2005.

Sasa fundo liko wapi? Liko mule mule mu artikili 24, juu inamalizia kusema sheria njo itapanga namna ya kutumia uhuru huo. Na sheria maalum yenye ingepanga namna raia wa kawaida anaomba karatasi ku biro ya Leta, mpaka sasa hatuna. Mswada umezungushwa Kinshasa miaka mingi, unapanda unashuka. Iko ordonansi-sheria namba 23/009 ya tarehe 13/3/2023 juu ya uhuru wa presi, na hiyo ilichukua nafasi ya sheria ya zamani ya 1996, lakini inaongea zaidi na watu wa redio, televizio na magazeti, haimwambii mama mwenye anauzisha unga ku Katuba ataandikia nani kama anataka kujua feza ya balabala ya kartie yake ilienda wapi.

Watu wanauliza, sheria kama hiyo ingebadilisha nini kama haki tayari iko mu katiba? Ingebadilisha sana, juu sheria ya namna hiyo inajibu maulizo yenye katiba haijibu: biro iko na siku ngapi za kukujibu, fotokopi inalipwa bei gani, wakikatala wanalazimika kuandika sababu ao hapana, na ukikataliwa unaenda kulalamika wapi. Bila majibu hayo haki inabaki ku roho nzuri ya mwenye ameketi nyuma ya meza. Angalia nchi zingine za Afrika. Afrika ya Kusini wako na sheria yao tangu 2000, na biro inapewa siku 30. Uganda 2005. Rwanda 2013. Nchi ya Kenya 2016, na kule biro inapaswa kujibu ndani ya siku 21, lakini kama habari inagusa maisha ao uhuru wa mtu, yaani mtu amefungwa ao yuko mu hatari, inakuwa masaa 48, na wakikukatalia kuna komisheni ya kupeleka malalamiko. Zambia nao wakapata yao 2023. Yaani dereva wa kamyo akivuka Kasumbalesa kuelekea Chililabombwe anaingia mu nchi yenye iko na sheria hiyo, akirudi na mzigo wake anaiacha kule ku barriere.

Lakini, na hapa njo nataka watu wasikie vizuri, kukosa sheria maalum haimaanishi hatuna kitu. Haki yetu iko, ila imesambaa, kipande kimoja mu katiba, kingine mu kodi ya mine (kodi hapa ni kitabu cha sheria, haiko feza ya kulipa), kingine mu sheria ya tribinali, kingine mu dekre ya zamani ya wakati wa Wabelgiji yenye bado inafanya kazi. Kila aina ya karatasi iko na mlango wake. Nitachukua polisi kwanza, juu pale njo watu wanaumia zaidi, kisha nitakuja ku feza ya mine, juu pale njo sisi watu wa Haut-Katanga tuko na silaha kuliko tunavyofikiri.

Ku polisi, mambo yanabadilika kufuatana na hatua ya kesi. Hatua ya kwanza ni mu kasho. Mtu akikamatwa, artikili 18 ya katiba inasema aelezwe palepale sababu ya kukamatwa kwake na kosa lenye wanamsingizia, na aelezwe mu luga yenye anaelewa. Kama anaelewa Swahili, ni Swahili, hapana kumsomea Kifaransa mbio mbio kisha kumwambia atie sinyatire. Iko na haki palepale ya kuongea na familia yake ao avoka wake. Na kukaa kwake mikononi mwa polisi haiwezi kupita masaa 48, masaa hayo yakiisha wamwachilie ao wampeleke mbele ya majistra. Kwa hiyo familia yenye inafika ku kasho haiombi zawadi. Kujua mtu wako yuko pale, aliingia saa ngapi na kwa sababu gani, hiyo ni habari yenye unadaiwa. Saa ya kuingia ni muhimu sana, juu bila hiyo saa hakuna mtu atahesabu 48, na watu wengi wanasahau kuiuliza, wanauliza tu "tutamtoa na ngapi".

PV yenyewe ni kitu kingine. PV ni maandishi ya OPJ, yaani polisi mwenye kazi ya kuchunguza makosa, juu ya vile alisikia na kuona, na familia haiwezi kufika kudai isome PV yote ya kesi, mule muko maneno ya mashahidi, ya mwenye kushtaki, saa ingine ya watu wenye watahatarishwa kama jina lao linajulikana mu kartie. Lakini maneno yako weye mwenyewe ni yako. Mbele ya kuweka sinyatire omba wakusomee kwa Swahili vile waliandika, na kama kuna kitu hukusema, sema waongeze kwamba unakikatala. Sinyatire yako ikishafika pale chini, kuibadilisha mbele ya muzuzi ni kazi ngumu sana.

Kuna feza pia. Watu wanaamini kila feza yenye inatolewa ku polisi ni rushwa, wengine wanaamini kila feza yenye polisi anaomba ni halali, na wote wawili wanakosa kidogo. Kodi ya prosedire penali, yaani dekre ya tarehe 6/8/1959, inaruhusu kwa makosa fulani madogo OPJ apendekeze mtu alipe amande, yaani faini, kesi iishe pale pale bila kwenda tribinali. Ila hiyo feza ni ya Hazina ya Leta, haiko ya OPJ. Kwa hiyo lazima kuwe karatasi: note ya perception, ile inaandika feza ngapi unapaswa kulipa Leta, na resi ya malipo. Wakikwambia ulipe na hakuna karatasi, basi kwa vitabu vya Leta haukulipa kitu, na kesi inaweza kurudi kesho kama vile hakuna mtu alitoa hata franka moja. Hii njo karatasi ya polisi ya kwanza yenye kila raia anapaswa kuidai, na haina siri yoyote ndani yake.

Hatua ya pili ni ku parke. Dosie ikitoka polisi ikifika kule inapewa namba, ile wanaita RMP. Namba hiyo haiko siri kwa watu wa kesi, iombe, iandike, iweke vizuri, juu bila namba utazungushwa kutoka sekretaria mpaka sekretaria na kila mmoja atasema dosie haionekani. Lakini yale yenye yako ndani ya dosie, wakati majistra bado anachunguza, yamefungwa. Hapa njo siri ya kweli iko, wanaiita siri ya instruction, na watumishi wenye wanashika dosie hiyo wamefungwa pia na siri ya kazi, artikili 73 ya kitabu cha pili cha kodi penali. Watu wanakasirika juu ya hiyo, mimi siikasirikii. Fikiria mtoto wa jirani amesingiziwa wizi, bado hawajajua kama ni yeye, na karatasi zote zinazunguka mu whatsapp za kartie. Hata akiachiliwa, hataweza tena kutembea. Fikiria pia shahidi mwenye alionyesha nyumba ya wezi wenye silaha. Siri ya hatua hii inalinda watu hao, na mtu mwenye anataka uwazi wa kweli anapaswa kuikubali.

Kitu chenye sikubali ni ile siri kuendelea kisha hatua yake kuisha. Juu hatua ya tatu, tribinali, inageuza kila kitu. Katiba artikili 20 inasema odiansi, yaani vikao vya kusikiliza kesi, ni za watu wote, isipokuwa tribinali iamue kufunga milango kwa sababu ya usalama ao heshima, na artikili 21 inasema kila hukumu iandikwe, ielezwe sababu zake, na isomwe mbele ya watu wote. Dosie sasa iko ku grefe, ile sekretaria ya tribinali, na namba mpya, RP kwa mambo ya penali, RC kwa mambo ya sivili, na watu wa kesi pamoja na avoka wao wanaisoma pale. Na weye mwenye hauna kesi yoyote unaweza kuingia ukaketi ukasikiliza, hakuna mtu anaweza kukuuliza unamjua nani ndani. Vijana wangejaza zile viti mara moja moja wangejua mengi juu ya polisi ya muji wao kuliko yale wanasoma ku simu. Ku Tribinali ya Amani, ile tunaita tripe, unakuta makosa yenye azabu yake haipite miaka 5 ya kifungo, yenye kupita pale inaenda ku Tribinali Kubwa.

Kopi ya hukumu inaombwa ku grefe na inalipwa, na hapa kuna mutego wenye umekula watu wengi. Kwa kesi ya penali, mtu mwenye alikuwa pale wakati hukumu inasomwa iko na siku 10 za kupanda apeli. Watu wanangoja kwanza kopi, grefie anasema bado inachapwa, rudi kesho kutwa, na siku 10 zinapita. Apeli haingoji kopi. Unaenda ku grefe unatangaza apeli yako, wanaiandika, kopi itafuata. Kungoja karatasi ili utumie haki yenye haikuhitaji karatasi, hiyo njo hasara yenye inaniuma zaidi kuliko zote, juu hakuna mtu aliiiba, ni kukosa tu mtu mmoja wa kukuambia.

Na kama mshtakiwa ni polisi mwenyewe? Watu wanaenda ku parke, wanakaa pale wiki nzima, dosie haionekani, wanasema imefichwa. Saa ingine haikufichwa, ilienda kwengine. Artikili 156 ya katiba inapeleka makosa ya wanajeshi na ya polisi ku tribinali za kijeshi, kwa hiyo polisi akipiga mtu risasi ao akimtesa, dosie inaulizwa ku auditora, ile parke ya kijeshi, haiko ku parke ya kawaida. Kutesa mtu ni kosa lenye liko na sheria yake kabisa tangu tarehe 9/7/2011. Odiansi za kijeshi nazo zinafuata ile artikili 20, ni za watu wote, isipokuwa milango ifungwe kwa uamuzi.

Kama kasho inakatala hata kusema kama mtu wako yuko mule, usipigane na polisi wa mlango. OPJ, kwa kazi yake ya uchunguzi, anafanya chini ya uongozi wa parke, kwa hiyo majistra anaweza kuuliza yale weye ulikataliwa. Njia ingine ni Komisheni ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, yenye ilianzishwa na sheria ya tarehe 21/3/2013, na kutembelea sehemu zenye watu wamefungwa iko mu kazi zake. Hao wanaweza kuingia pale weye unasimamishwa.

Kuna vitu ku polisi na ku tribinali vyenye havitakuwa vya watu wote, na ni vizuri. Kesi za watoto, sheria ya tarehe 10/1/2009 juu ya ulinzi wa mtoto inafunga milango ya odiansi yao. Mwanamke mwenye alifanyiwa ubakaji, jina lake na dokima za hospitali zake haziko habari ya mji. Kazie ya makosa ya zamani, ile ekstre ya kazie judisiere, wanakupa yako, hawakupi ya mwenye nyumba wako ao ya mtu mwenye anataka kuoa dada yako. Na Kodi ya Numerike ya 13/3/2023 imeongeza ulinzi juu ya habari za watu binafsi. Habari ya mtu binafsi ifungwe, lakini vile Leta inatumia nguvu na feza ikuwe wazi. Mpaka ni huo, ila mu biro zetu mara nyingi wameugeuza, mambo ya raia yanaongelewa mu koridori kila mtu anasikia, na bajeti njo inafungiwa mu kabati.

Basi twende ku kabati hiyo.

Haut-Katanga tuko na bahati moja, kama unaweza kuiita bahati: dunia nzima inataka shaba na kobalti yetu, kwa hiyo sheria za mine zimelazimishwa kuwa na uwazi kuliko sheria zingine. Dekre namba 011/26 ya tarehe 20/5/2011 inalazimisha kila kontra juu ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Kila kontra, mine, mafuta, misitu. Kwa hiyo mtu mwenye anasema kontra ya mine ni siri kati ya kampuni na Leta, anapingana na dekre ya Leta yenyewe. Rejistre za kadasitri ya mine, CAMI, nazo raia anaweza kuziona, unaweza kujua kiwanja fulani ni cha nani na haki yake inaisha lini. Na kwa feza, Kongo iko mu ITIE, ule mpango wenye unachapisha raporo za yale kampuni zinasema zimelipa na yale Leta inasema imepokea.

Lakini kitu chenye raia wa kawaida anapaswa kushika zaidi ni artikili 242 ya kodi ya mine, vile ilibadilishwa tarehe 9/3/2018. Kampuni inalipa redevansi juu ya madini yenye inauzisha, shaba ni 3,5 %, kobalti tangu itangazwe ya strateji mwishoni mwa 2018 ni 10 %. Feza hiyo inagawanywa hivi: 50 % kwa serikali ya kati, 25 % kwa mkoa, 15 % kwa ETD yenye mine iko ndani yake, yaani komini, sekta ao sheferi, na 10 % kwa mfuko wa mine kwa ajili ya vizazi vyenye vitakuja. Na ile 15 % inalipwa mu konti ya ETD yenyewe. Soma tena hapo. Inamaanisha karatasi ya malipo haiko Kinshasa. Iko mu komini, mu sheferi, mu biro yenye unaweza kufika na miguu ao na teksibusi moja. Yule mwenye anakwambia "mambo ya mine yanaamuliwa Kinshasa" anaongea ukweli kwa kontra, haongei ukweli kwa hiyo 15 %. Kando ya redevansi, kodi hiyo hiyo inalazimisha kampuni kutoa angalau 0,3 % ya chifre d'afere yake, yaani feza yote ya mauzo yake, kwa maendeleo ya vijiji na kartie zenye mradi unagusa, na kusaini kaye de sharje na watu wa pale, na kaye de sharje hiyo ni ahadi ya barabara, shule, maji, iko na tarehe ndani. Sielewi namna gani karatasi ya ahadi kwa watu inaweza kuwa siri kwa watu hao hao.

Makontra ya kazi za Leta, barabara, kalaveti, madarasa, nayo yako na sheria yao ya tarehe 27/4/2010 juu ya masoko ya Leta, yenye inadai matangazo ya tenda na ya mwenye alishinda. Bajeti inapigiwa kura na wachaguliwa, na kitu chenye kilipigiwa kura mbele ya watu hakiwezi kurudi kuwa siri kisha kura. Hapo sina mengi ya kuongeza.

Ku parsele niseme kifupi tu, juu kesi za parsele zingetaka makala yake. Karatasi yenye inathibitisha kabisa ni sertifika ya anrejistrema kutoka kwa konservatere, mukubwa wa Leta mwenye kushika vitabu vya viwanja, kwa sheria ya tarehe 20/7/1973, na zile fishi parselere ao karatasi za kuuziana zenye zimepigwa mhuri ku komini hazina nguvu hiyo. Mbele ya kutoa feza, andika kwa konservatere uulize kama kiwanja kina sertifika na kwa jina gani, usitosheke na fotokopi yenye muuzaji amekuonyesha.

Kuna pia makaratasi ya zamani yenye yametoka kabisa mikononi mwetu. Babu zetu wenye walifanya kazi Union Minière, ile kampuni ya 1906 yenye baadaye iligeuka kuwa Gécamines, historia ya kampuni hiyo sehemu kubwa iko Brussels, mu nyumba ya arshive ya Leta ya Ubelgiji, na mtu mwenye iko na viza na tikiti ya ndege anaisoma pale kwa utulivu. Mtoto wa mfanyakazi wa Kamalondo haisomi. Tuko na sheria ya arshive tangu 1978, lakini sheria haikaushi karatasi yenye imelowana mvua mu stoo ya komini. Uwazi unaanza na kulinda karatasi, juu karatasi yenye imeoza hakuna tribinali itaweza kulazimisha ionyeshwe.

Na luga? Katiba artikili 142 inasema serikali isambaze kila sheria mu Kifaransa na mu kila moja ya luga zetu 4 za taifa, Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu raisi aitie sahihi. Haiko ombi, ni amri ya katiba. Tungekuwa tunapata kodi ya mine kwa Swahili ku kila komini, nusu ya makala hii haingekuwa na kazi.

Sasa namna ya kuomba, kwa vile hatuna sheria maalum. Silaha ya raia ni artikili 27 ya katiba, na nashangaa vile watu wachache wanaitumia. Inasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia mamlaka ya Leta petisio, na mamlaka inajibu ndani ya miezi 3. Inaongeza kwamba hakuna mtu anaweza kushtakiwa kwa namna yoyote juu ameanzisha jambo kama hilo. Miezi 3 ni mingi, siku 21 za Kenya zingekuwa bora, lakini ni muda wenye umeandikwa, na mkubwa hawezi kusema haujulikani. Ndiyo maana barua yako iite jina lake wazi, petisio, itaje artikili, hapana kuandika "naomba msaada wenu wa hali na mali". Na iombe karatasi yenye iko na jina. Ukiandika "tunataka kujua feza inaenda wapi" watakujibu kwa hotuba. Andika kwa Kifaransa juu njo luga ya biro, lakini weka Swahili yake kando ili wote wenye wanatia sinyatire wajue wanasaini nini. Maneno yanaweza kuwa hivi tu:

"Bwana Burugumesita, sisi raia wa komini yako wenye majina na sinyatire zetu ziko hapa chini, kwa artikili 24 na 27 za katiba, tunaleta petisio hii. Tunaomba fotokopi ya bajeti ya komini ya mwaka wenye umeisha, hati za malipo ya redevansi ya mine yenye iliingia mu konti ya komini kwa artikili 242 ya kodi ya mine, na orodha ya kazi zenye zilifanywa na feza hiyo. Gharama ya fotokopi tutalipa na tutachukua resi. Kama kuna karatasi moja yenye haiwezi kutolewa, tunaomba jibu kwa maandishi lenye linataja sheria yenye inakataza."

Peleka mbili. Moja inabaki ku sekretaria, ya pili inarudi na weye ikiwa na mhuri, tarehe na sinyatire ya mwenye alipokea, ile akize yenye kila mtu anaijua lakini wengi wanaona haya kuidai. Kopi zingine peleka ku asambleya ya mkoa na ku CNDH, na uandike chini ya barua kwamba umewapelekea, mkubwa asome jina lao. Wakikatala kupokea, rudi na watu wawili ao watatu ya wale walisaini, barua yenye inaletwa na watu wengi inapokelewa mbio kuliko. Miezi 3 inahesabiwa tangu tarehe ya mhuri. Siku ikifika na hakuna jibu, akize hiyo njo unapeleka kwa avoka, kwa mchaguliwa wa kartie ao kwa redio yenye watu wanasikiliza, na maulizo hayatakuwa tena juu ya karatasi yenye haikutolewa, yatakuwa juu ya katiba yenye haikujibiwa.